LISHE KAZINI: Siha ya polisi huanzia kwenye ratiba ya zamu

SAA nane usiku, askari polisi aliye doriani hana chaguo pana la mlo. Mikahawa imefungwa, nyumbani watu wamelala na kantini ya kituo, ikiwa ipo, ilifungwa jioni. Kilichobaki ni chai ya maziwa iliyojaa sukari katika kibanda kilicho karibu na steji, andazi lililokaangwa tangu asubuhi, au chipsi na soseji katika kituo cha mafuta. Akila, hula akiwa wima, bunduki begani na sikio kwenye redio ya mawasiliano. Asipokula, huingia nyumbani alfajiri akiwa na njaa kali, akajishindilia sahani ya ugali na kulala papo hapo.

Mlo huo wa usiku hautajwi sana panapozungumzwa afya ya maafisa wa usalama. Mjadala huelekea kwenye mishahara, makazi na bima ya matibabu, mambo ambayo kwa hakika yana uzito wake. Hata hivyo, wataalamu waliochunguza kazi ya polisi katika mataifa mbalimbali wamebaini kuwa maradhi mengi yanayomwandama askari hutokana na vitu vitatu vinavyoshikana: anachokula, saa anazolala na jinsi mwili wake unavyotumika kazini. Hapo ndipo panapohitajika mpango wa lishe na siha mahali pa kazi.

Mpango wa aina hii ni utaratibu unaowekwa na mwajiri ili mfanyakazi apate chakula bora, maji, mapumziko, mazoezi, vipimo vya afya na ushauri nasaha akiwa kazini au kwa ajili ya kazi. Si fikra ngeni. Shirika la Kazi Duniani (ILO) lilitoa pendekezo rasmi mnamo 1956 kuhusu huduma za ustawi wa wafanyakazi, zikiwemo kantini na mahali pa kupumzikia. Mnamo 2005 shirika hilo hilo lilichapisha kitabu cha Christopher Wanjek kuhusu chakula kazini, na likaonya kwamba lishe duni yaweza kuigharimu nchi hadi asilimia 20 ya tija ya wafanyakazi wake. Onyo hilo liliwahusu wenye njaa na walioshiba kupita kiasi kwa pamoja, kwa kuwa mfanyakazi aliyenenepeana kwa wanga na mafuta anaweza kukosa madini ya chuma na vitamini sawa na yule aliyekonda.

Kazi ya polisi ina upekee unaoifanya isilingane na ya karani wala ya mjenzi. Karani huketi kutwa, naye mjenzi huinua mizigo kutwa. Mwili wa kila mmoja huzoea hali yake. Askari aweza kuketi ndani ya gari au kusimama kwenye lindo kwa saa sita bila jambo lolote, kisha ghafla akalazimika kutimua mbio kumfuata mshukiwa au kukabana naye. Moyo uliotulia hudaiwa kila kitu kwa dakika moja.

Hatari ya mrukio huo imepimwa. Mnamo 2014, jarida la kitabibu la BMJ la Uingereza lilichapisha uchunguzi wa vifo 441 vya ghafla vya maafisa wa polisi wa Marekani vilivyosababishwa na matatizo ya moyo kati ya 1984 na 2010. Takriban robo ya vifo hivyo ilitokea maafisa walipokuwa wakimzuia mtu au kupambana naye, na thuluthi moja hivi ilitokea wakati wa kufukuzana na wahalifu au wakati wa mazoezi ya viungo. Ikilinganishwa na shughuli za kawaida, hatari ya moyo kusimama wakati wa kukabiliana na mshukiwa ilikadiriwa kuwa kati ya mara 34 na 69 zaidi.

Takwimu hiyo ya mazoezi inastahili kutiliwa maanani na kila kamanda. Kuna desturi ya kuwaona maafisa wenye vitambi kuwa aibu kwa sare, kisha kuwatoa asubuhi moja wakimbie kilomita kumi kama makurutu. Amri kama hiyo huwafurahisha wananchi, lakini kwa mtu wa umri wa miaka 48 ambaye hajawahi kupimwa shinikizo la damu, yaweza kuwa hukumu ya kifo. Mpango unaostahili jina lake huanza na vipimo, ukaendelea na matembezi ya haraka, na ukafikia mbio baada ya majuma kadhaa. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) kwa mtu mzima ni angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa juma, yaani nusu saa kwa siku tano. Hakuna kituo cha polisi kisichoweza kupata nafasi ya kutembea kwa nusu saa.

Usiku nao una hesabu yake. Mwili wa binadamu una saa ya ndani inayoratibu homoni, joto na usagaji wa chakula. Mtu akila sahani ile ile ya wali saa mbili asubuhi na akaila tena saa nane usiku, sukari katika damu hupanda zaidi usiku, kwa sababu wakati huo mwili huitikia insulini kwa uzito. Kukosa usingizi kunazidisha balaa: homoni ya kuchochea njaa huongezeka, ile ya kuashiria shibe hupungua, na mtu hutamani vyakula vitamu na vya mafuta. Kwa hivyo askari wa zamu ya usiku anayebugia mandazi hajakosa nidhamu kama wanavyodhani wenzake wa mchana. Anafuata amri ya mwili uliovurugwa.

Ushahidi mkubwa wa jambo hili umetoka katika mji wa Buffalo, jimbo la New York, ambako mtaalamu John Violanti na wenzake wa chuo kikuu cha mji huo wamewafuatilia mamia ya maafisa wa polisi tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Violanti mwenyewe aliwahi kuwa polisi kabla ya kuwa mtafiti. Waligundua kuwa maafisa waliofanya kazi usiku, hasa waliolala kwa saa chache, walielekea zaidi kuwa na mkusanyiko wa dalili hatari: kiuno kipana, shinikizo la damu, sukari iliyopanda na mafuta mabaya katika damu. Mkusanyiko huo ndio mlango wa kisukari na maradhi ya moyo. Isitoshe, mnamo 2007 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliiweka kazi ya zamu inayovuruga saa ya mwili katika kundi la mambo ambayo huenda yakasababisha saratani, na likasisitiza msimamo huo kuhusu kazi ya usiku mnamo 2019.

Nchini Kenya, askari huingia kazini akitoka katika jamii ambayo tayari ina mzigo. Uchunguzi wa kitaifa wa 2015 kuhusu maradhi yasiyoambukiza, uliowahusu watu wa umri wa miaka 18 hadi 69, ulionyesha kuwa asilimia 27 walikuwa na uzani uliozidi au walikuwa wanene kupindukia. Takriban mtu mmoja kati ya wanne alikuwa na shinikizo la damu lililopanda, ilhali asilimia 56 hawakuwahi kupimwa shinikizo hilo maishani. Asilimia 94 hawakula matunda na mboga kwa kiwango kinachopendekezwa cha migao mitano kwa siku. Kurutu anayefika Kiganjo akiwa mwembamba na mwepesi wa mbio hupewa chakula kwa saa maalumu na kukimbizwa kila siku. Akishafuzu na kutumwa kituoni, ratiba ile ya mlo na mazoezi hubaki nyuma chuoni.

Upande wa sheria una pengo ambalo wengi hawalijui. Sheria ya Ajira ya 2007, ambayo humhakikishia mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, inatamka waziwazi kuwa haiwahusu polisi. Katiba ya 2010 nayo, katika kifungu cha 24, inaruhusu sheria kuwawekea mipaka maafisa wa Huduma ya Taifa ya Polisi kuhusu haki kadhaa, zikiwemo za uhusiano wa kikazi na zile za kiuchumi na kijamii zinazogusa afya na chakula. Sababu yake yaeleweka, kwa kuwa taifa haliwezi kukaa bila ulinzi askari wakigoma. Lakini matokeo ni kwamba askari hana chama cha wafanyakazi cha kumdai mwajiri wake saa ya chakula cha mchana. Anachoweza kutegemea ni busara ya mkuu wa kituo chake. Sheria ya Usalama na Afya Kazini, pia ya 2007, ndiyo yenye wigo mpana zaidi, maana inahusu mahali popote ambapo mtu anafanya kazi, na inagusia mambo ya msingi kama vile maji ya kunywa na vyoo.

Mageuzi ya makazi yaliyotangazwa Septemba 2018, yaliyowawezesha maafisa kupokea marupurupu ya nyumba na kuishi miongoni mwa raia, yaliwaondolea wengi fedheha ya kugawana chumba kimoja kwa pazia. Yalibadilisha pia mpangilio wa chakula, ingawa hilo halikuzungumzwa. Aliyeishi kambini aliweza kuvuka uwanja akala chakula cha nyumbani na kurejea lindoni. Anayeishi kilomita kumi na tano kutoka kituoni hana budi kubeba chakula au kununua barabarani. Jopokazi lililoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu David Maraga, lililoundwa Desemba 2022 na kuwasilisha ripoti yake Novemba 2023, lilichunguza masharti ya kazi na hali ya maisha ya polisi, na ni katika hali hizo hizo ambamo suala la lishe linaingia.

Basi mpango uanzie wapi? Desturi ni kumwalika mtaalamu wa lishe, kuwaketisha maafisa ukumbini, kuwaonyesha picha ya sahani iliyogawanywa kwa rangi na kupiga picha ya pamoja. Semina haina ubaya, ila mafunzo yake hufifia zamu ya kwanza ya usiku inapofika. Kazi ya kwanza iko ofisini mwa anayepanga zamu. Zamu zikibadilika kutoka asubuhi kwenda alasiri na kisha usiku, mwili hustahimili vyema zaidi kuliko zikirudi nyuma. Askari akijua ratiba yake majuma mawili mapema, familia yake inaweza kupanga chakula. Akipewa dakika thelathini za kula, na mwenzake akashika lindo, atakula ameketi. Mabadiliko haya hayahitaji bajeti, ingawa yanamhitaji kamanda atakayeyasimamia hata idadi ya maafisa inapokuwa ndogo, na hapo ndipo ugumu ulipo.

Baada ya ratiba ndipo huja chakula chenyewe. Kwa zamu ya usiku, wataalamu hushauri mlo mkuu uliwe kabla ya kuingia kazini, kisha kitu chepesi katikati ya usiku, na kifungua kinywa kidogo kabla ya kulala ili njaa isimwamshe mtu adhuhuri. Kitu chepesi hicho hakihitaji duka la kifahari. Mayai mawili ya kuchemsha, konzi ya njugu karanga, ndizi mbivu, kiazi kitamu kilichochemshwa, nduma, maziwa lala au kikombe cha uji wa wimbi usio na sukari nyingi ni vyakula vinavyopatikana karibu kila soko la Kenya, na vyaweza kufungwa ndani ya kopo. Githeri na ndengu humshibisha mtu kwa muda mrefu kwa sababu ya protini na nyuzinyuzi zake, tofauti na mkate mweupe ambao humrejeshea njaa baada ya saa mbili.

Soda yahitaji kutajwa peke yake. Chupa ya nusu lita ya soda ya kola huwa na takriban gramu 50 za sukari, yaani vijiko kumi na viwili hivi vya chai. WHO inashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu za chakula cha siku nzima, kiwango ambacho kwa mtu mzima wa kawaida ni kama gramu 50. Chupa moja basi inamaliza mgao wote, kabla ya vikombe vitatu vya chai. Kuhusu chumvi, kikomo ni chini ya gramu tano, yaani kijiko kimoja cha chai kwa siku, na chipsi na soseji za usiku humfikisha mtu hapo haraka. Kahawa humsaidia askari kukaa macho, lakini nusu ya kafeini hubaki mwilini kwa saa tano hivi. Anayetoka kazini saa kumi na mbili asubuhi asiinywe baada ya saa saba au nane usiku.

Maji ni jambo dogo linalosahaulika. Afisa wa trafiki husimama juani kwa saa nyingi, na yule aliyevaa fulana ya kuzuia risasi hutoka jasho maradufu. Wengi hujizuia kunywa kwa sababu hakuna choo karibu na kizuizi cha barabarani. Wanawake huumia zaidi, na matokeo yake ni maambukizi ya njia ya mkojo, maumivu ya kichwa na uchovu. Kuwaambia maafisa wanywe glasi nane bila kuwaonyesha choo ni kejeli. Mpango wa maana huafikiana na mwenye kituo cha mafuta au shule iliyo karibu kabla ya kizuizi kuwekwa.

Vivyo hivyo kwa afisa anayenyonyesha. Sheria ya Afya ya 2017 inawataka waajiri watenge mahali pa kunyonyeshea kazini. Chumba kidogo chenye kiti, sinki na jokofu katika makao ya polisi ya kaunti kingetosha, pamoja na ratiba isiyompeleka mama huyo doria ya usiku mtoto akiwa na miezi minne.

Hali ni tofauti kabisa kwa waliotumwa Mandera, Turkana au kwenye kambi za msitu wa Boni, Lamu. Huko mboga hazifiki kila juma, na mlo hutegemea mchele, unga, mafuta ya kupikia na vyakula vya mikebe. Nafaka za kunde huhifadhika kwa muda mrefu bila jokofu. Tende, samaki wakavu na omena huongeza madini ambayo mkebe hauna. Maziwa ya ngamia ni hazina ya maeneo hayo, mradi yachemshwe, kwa sababu maziwa mabichi huweza kuambukiza homa ya brusela. Kikosi kinachoweza kuwa na mpishi aliyefunzwa kitanufaika kuliko kile kinachopika kwa zamu, kila mtu kwa ujuzi wake wa ujanani.

Je, mipango kama hii huleta mabadiliko? Watafiti wa chuo kikuu cha tiba cha Oregon, Marekani, walifanya jaribio lililoitwa SHIELD kwa watumishi 408 wa idara za usalama. Nusu yao walikutana kila juma katika vikundi vidogo vilivyoongozwa na mwenzao, si daktari, wakifuata mwongozo ulioandikwa kuhusu lishe, mazoezi, usingizi, msongo wa mawazo, majeraha na ulevi. Matokeo yaliyochapishwa mnamo 2014 yalionyesha kuwa walikula matunda na mboga zaidi, walilala muda mrefu na vizuri zaidi, na msongo wao ulipungua. La kuzingatiwa hapo ni uongozi wa mwenza. Polisi humwamini polisi, na konstebo atamsikiliza sajini waliyekesha pamoja kuliko mgeni mwenye suti. Kenya ina mazoea ya vyama na vikundi vya kuchangiana, hivyo muundo huu haungekuwa mgeni.

Vikundi hivyo vina faida nyingine. Kwa muda mrefu neno kantini katika kambi za polisi limeleta fikirani chupa kabla ya sahani, na pombe ndiyo imekuwa dawa ya wengi waliorejea kutoka kwenye tukio la damu. Pombe huharibu usingizi, huongeza uzani na hupandisha shinikizo la damu. Kuipunguza bila kumpa askari mtu wa kuzungumza naye ni kazi bure. Kwa sababu hiyo mpishi, mkufunzi wa mazoezi na mshauri nasaha wanapaswa kuwa chini ya mpango mmoja.

Kikwazo kikubwa zaidi huenda kisiwe fedha. Maafisa wengi huogopa vipimo. Wanahofu kuwa mwenye kisukari au shinikizo la damu ataondolewa kwenye kikosi, atanyang'anywa silaha au atarukwa wakati wa kupandishwa cheo. Hofu hiyo ikiachwa, wagonjwa watajificha na watakaojitokeza ni wazima. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu taarifa za afya kuwa data nyeti. Muuguzi anayempima askari anapaswa kumkabidhi mwenyewe kadi yake, na mkuu wa kituo apewe jumla tu: wangapi wamepimwa, wangapi wamepewa rufaa. Mizani isiwekwe uwanjani wakati wa paredi, wala majina ya wazito yasisomwe mbele ya wenzao.

Watumishi raia wa idara, wakiwemo makarani, madereva na wapishi, nao wana haki ya kuingizwa. Mpishi hasa ni mtu wa kwanza wa kushawishiwa, maana ndiye anayeamua kiasi cha mafuta kinachomwagwa sufuriani.

Kituo kinachotaka kujaribu chaweza kuanza na zamu moja kwa miezi sita. Kipime viuno na shinikizo la damu mwanzoni na mwishoni, na kihifadhi daftari mbili: moja ya siku ambazo askari alipata dakika zake thelathini za kula, nyingine ya vyakula vilivyouzwa kantini baada ya saa sita usiku. Daftari ya pili ikiwa tupu, kwa kuwa mlango ulikuwa umefungwa, hakuna haja ya kungojea majibu ya vipimo.